Gogo, Kuni na Makaa: Historia ya Thamani ya Mti Mgumu katika Nchi ya Turkana

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza historia ya thamani ya mti mgumu katika nchi ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, hususa katika maeneo ya Lodwar na Kakuma. Huenda msomaji akashangaa kuona suala la magogo likijadiliwa katika jarida la lugha. Lakini thamani ya gogo haianzi kwenye kipimo cha futi wala cha kilo. Huanzia katika jina. Kitu kisicho na jina hakina bei, na kitu chenye jina baya hupata bei mbaya. Hoja yetu ni kwamba misitu ya kandokando ya mito ya Turkana ilipotea kwa sehemu kwa sababu waliokuja kuitawala na kuisaidia nchi hiyo walikuwa na neno moja tu la kuielezea, nalo ni jangwa. Maadam jangwa halina miti, miti iliyokuwapo haikuhesabiwa.

Tutaanza kwa kuitazama Pwani, ambako lugha ya Kiswahili ilikwisha kuunda istilahi za kupimia miti. Kisha tutaeleza mambo yanayoongeza au kupunguza ubora wa gogo, na hatimaye tutaona jinsi mambo hayo yalivyojitokeza Turkana katika vipindi vitatu: kipindi cha ekwar, kipindi cha miradi, na kipindi cha kambi.

2. Lugha ya Pwani na kipimo cha mti

Wafanyabiashara wa mikoko wa Lamu walikuwa na msamiati kamili wa kuainisha miti kwa unene wake. Fito ndizo nyembamba kabisa. Zikafuata pau, kisha mazio, kisha boriti, na juu yake nguzo. Miti hiyo ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini na kupelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako nyumba ziliezekwa kwa boriti za Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982, lakini maneno yangali hai vinywani mwa mafundi.

Twaona hapa jambo la maana. Neno boriti si jina la mti tu, bali pia ni kipimo, ni bei, na ni ahadi. Mnunuzi wa mbali aliyeagiza korija kumi za boriti alijua atakachopata. Muuzaji naye alijua ni mti gani aukate na ni upi auache ukue, kwa kuwa pau ya leo ni boriti ya kesho. Msamiati ulikuwa mlinzi wa msitu kabla ya sheria yoyote kuandikwa.

Lugha ya Kiturkana, ambayo ni jamaa ya Kikaramojong, Kijie na Kiteso, nayo ina utajiri wake katika jambo hili, ila umesimama mahali pengine. Mgunga mkubwa wa kando ya mto huitwa ewoi. Mswaki huitwa esekon, mkwaju huitwa epeduru, aina moja ya mjunju huitwa ebei, mkoma huitwa engol, na mkunazi huitwa ekalale. Kuna edapal, ambao punje zake huchemshwa muda mrefu na kuliwa wakati wa njaa, na kuna edome, ambao matunda yake ni chakula cha watu na majani yake chakula cha mbuzi. Msomaji atatambua kwamba majina haya yote yameanza kwa kiambishi e-, ambacho katika Kiturkana ni cha jinsia ya kiume. La muhimu zaidi kwetu ni hili: maarifa yanayoandamana na majina hayo huhusu zaidi mti uliosimama. Huhusu maganda, majani, kivuli na matunda. Ubao hauna nafasi kubwa humo. Msamiati wa Pwani ulimpima mti aliyekwisha kulala, na msamiati wa Turkana ulimpima mti aliye hai.

3. Mambo yanayoamua ubora wa gogo

Kabla ya kuendelea na historia, hatuna budi kueleza kwa ufupi mambo ambayo fundi huyaangalia anapolitazama gogo la mti mgumu. Bila ya kuyajua hayo, hatutaelewa kwa nini miti ya Turkana iliishia kuwa makaa.

Jambo la kwanza ni kiini. Gogo lina sehemu mbili: kiini cha katikati, ambacho aghalabu ni cheusi au chekundu na kigumu, na sehemu ya nje iliyo nyeupe, ambayo ndiyo inayopitisha maji mti ungali hai. Sehemu hiyo nyeupe ina wanga mwingi, na wadudu huipenda. Katika magogo ya migunga hushambuliwa mapema na dumuzi wanaotoboa mbao, hata ukiligonga gogo unga humwagika chini. Kwa hiyo gogo lenye kiini kinene lina thamani, na lenye kiini chembamba ni kuni.

La pili ni unyofu na urefu kabla ya panda ya kwanza. Miti ya nchi kavu hugawanyika chini chini, na shina lake hupungua unene upesi. Fundi akitafuta ubao wa futi nane hupata wa futi nne. La tatu ni mwinamo. Mti ulioinama, kama ilivyo mingi ya ukingoni mwa mto, hujenga mbao zenye mkazo upande mmoja. Ukiupasua, ubao hupinda mbele ya macho yako hata kama gogo lilionekana limenyooka.

La nne ni nyufa. Gogo hukauka kwa kasi zaidi mwishoni kuliko katikati, na kwa kuwa linasinyaa bila usawa, hupasuka. Katika jua la Lodwar, ambako mchana joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, gogo lililoachwa wazi huweza kuanza kupasuka muda mfupi tu baada ya kukatwa. Dawa yake ni nyepesi: kuzipaka ncha zake nta, rangi nzito au mafuta, kuliweka kivulini, na kulilaza juu ya vipande vya mti ili hewa ipite na mchwa wasifike. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha gogo na kuni.

La tano, na ndilo tunalolitilia mkazo, ni makovu. Kila tawi linalokatwa huacha fundo. Likikatwa vibaya kwa panga, huacha kidonda ambamo maji na ukungu huingia hadi moyoni mwa mti. Sasa, mfugaji wa Turkana hukata matawi ya ewoi wakati wa kiangazi ili mbuzi wale majani. Mti uliotunza mbuzi kwa miaka hamsini umejaa mafundo na uozo wa ndani. Yaani yale yale yaliyoufanya mti uwe na thamani kwa mfugaji ndiyo yaliyoufanya uwe duni kwa mpasua mbao. Mgongano huu haukusababishwa na ujinga wa yeyote. Ni vipimo viwili vya thamani vilivyokutana juu ya shina moja.

La sita ni umbali. Waswahili husema mti hauendi ila kwa nyenzo. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni safari ya karibu kilomita 300, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takribani kilomita 120. Gogo zito lenye mafundo haliwezi kulipia safari yake. Makaa ni mepesi na bei yake kwa uzito ni kubwa, hivyo huweza kusafiri. Lakini kwa njia ya tanuri la udongo, kilo kumi za kuni kavu kwa kawaida hutoa kilo moja hadi mbili tu za makaa. Sehemu kubwa ya mti hupotea moshini ili ile iliyobaki iweze kubebeka.

4. Kipindi cha ekwar

Wageni wengi walioiona Turkana waliiona kutoka barabarani. Waliona mawe, mchanga na vichaka. Serikali ya kikoloni iliifanya wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa bila kibali, na ikaitumia kuwa mahali pa kuwatupa iliowaogopa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung tangu mwaka 1953, kisha akazuiliwa Lodwar kuanzia mwaka 1959 hadi mwaka 1961 alipohamishiwa Maralal. Nchi ya kufungia watu haitegemewi kuwa na msitu. Ndivyo jina la jangwa lilivyokaa.

Lakini kando ya mito Turkwel, Kerio na Tarach palikuwa na ukanda wa misitu ya migunga mikubwa, na misitu hiyo ilikuwa na wenyewe. Utaratibu wake huitwa ekwar. Familia ilikuwa na haki juu ya kipande cha msitu wa kando ya mto, na haki hiyo ilirithiwa. Kiini cha haki hiyo kilikuwa maganda ya ewoi, ambayo huanguka wakati wa kiangazi, majani yanapokuwa yamekwisha, na ambayo ndiyo yanayowavusha mbuzi hadi mvua. Mtu wa nje alipaswa kuomba. Kuni zilizokufa ziliweza kuokotwa, lakini kuuangusha mti mbichi wa mwenzio lilikuwa jambo la kuitiwa wazee. Mwenye ekwar aliyehama kwa miaka mingi bila kurudi aliweza kuipoteza haki yake. Mtaalamu wa misitu Edmund Barrow, aliyefanya kazi Turkana katika miaka ya 1980, aliueleza utaratibu huu kwa kina katika makala aliyoyachapisha mwaka 1990.

Isidhaniwe kuwa miti haikukatwa. Ilikatwa kwa kiasi na kwa kazi maalumu. Kigoda kidogo kiitwacho ekicholong, ambacho mwanamume hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Vyombo vya maziwa vilichongwa pia. Mchongaji hakuhitaji ubao wa futi nane. Alihitaji kipande kifupi kisicho na ufa, na mara nyingi panda ya tawi, ambayo mpasua mbao angeitupa, ndiyo iliyompa umbo alilolitaka. Mti wenye kasoro kwa kiwanda haukuwa na kasoro kwake.

5. Kipindi cha miradi

Njaa ya mwaka 1960 na 1961, na ile iliyokuja mwaka 1979 hadi 1981, zilileta mashirika ya misaada. Mashamba ya kumwagilia maji yalifunguliwa kando ya Turkwel, kama vile Katilu. Mashamba hayo yalihitaji ardhi ile ile yenye maji na rutuba ambayo ilikuwa imeota migunga. Mbele ya sheria, ardhi ya Turkana ilikuwa ya amana chini ya halmashauri ya wilaya, na ekwar haikuwa imeandikwa popote. Sheria ya Mamlaka ya Machifu ilimpa chifu uwezo wa kuzuia ukataji wa miti, lakini haikumtambua mwenye maganda. Hivyo mti uliokuwa na mwenyewe kwa desturi ulikuwa hauna mwenyewe kwa karatasi.

Mwaka 1980 ulianza mradi wa ukarabati wa Turkana uliosaidiwa na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na Norwei ikawa na mpango wake mkubwa wa maendeleo vijijini uliojenga barabara kutoka nyanda za juu hadi Lodwar. Watu walilipwa chakula kwa kupanda miti. Mmoja kati ya miti waliyopanda ulikuwa Prosopis juliflora kutoka Marekani ya Kati na ya Kusini, ambao ulikuwa umekwisha kupandwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973. Wakenya wengi wameuita mathenge. Waturkana wameuita etirae.

Nia ilikuwa njema. Mti huo huota penye chumvi na ukame, hukua upesi, na kuni zake zina moto mkali. Lakini ulipandwa kwa fikra kwamba hapakuwa na kitu pale, na kwamba kijani chochote ni faida. Mifugo ilikula maganda yake na kuzitawanya mbegu. Ukaingia kwenye kingo za mito, mahali pa ewoi, ukafanya vichaka visivyopitika. Huko Baringo, ambako mambo yalikuwa hayo hayo, wananchi waliishtaki serikali, na mwaka 2006 walimpeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda hayo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza mti huo kuwa gugu baya.

Mpango wa Norwei ulikatika mwaka 1990 mataifa haya mawili yalipovunja uhusiano wa kibalozi. Wakati huo huo bwawa la Turkwel Gorge, lenye uwezo wa megawati 106, lilikuwa likikamilishwa. Watafiti walionya kwamba mafuriko yakidhibitiwa, miche mipya ya kandokando ya mto ingekosa maji ya kuiotesha. Kwa hiyo msitu ulibanwa pande tatu: shoka, mti mgeni na mto uliofungwa.

6. Kipindi cha kambi

Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma, kwanza kwa ajili ya watu waliotoka Sudani, wakiwemo maelfu ya vijana waliotembea bila wazazi. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na wengineo, na kituo cha makazi cha Kalobeyei kikaongezwa karibu nayo. Mji mdogo kando ya mto Tarach ukawa soko kubwa la kuni.

Chakula cha msaada kilikuja kikavu. Maharagwe na mahindi huhitaji moto wa saa nyingi, na kuni zilizogawanywa hazikutosha. Wakimbizi walikatazwa kuokota kuni nje ya kambi, kwani kukutana kwao na wenyeji msituni kulileta ugomvi, na wanawake waliokwenda huko walikuwa hatarini. Basi biashara ikazaliwa. Mwanamke wa Kiturkana alileta makaa, na mwanamke mkimbizi akatoa sehemu ya unga wake. Msitu ukageuka kuwa chakula kwa pande zote mbili.

Ni rahisi kumlaumu mchoma makaa, lakini tukirudi kwenye yale mambo sita tuliyoyataja, tutaona kwamba alifanya hesabu sahihi kwa kadiri ya nafasi yake. Gogo lake lilikuwa fupi, lenye mafundo, mbali na kiwanda. Hakuwa na nta ya kupakia ncha, wala kibanda cha kukaushia. Mifugo yake ilikuwa imekufa kwa ukame, kwa hiyo maganda ya ewoi hayakuwa tena na mlaji. Mtu asiye na mbuzi hawezi kuutazama mti kwa macho ya mwenye mbuzi. Thamani ya mti uliosimama iliporomoka siku zizi lilipokuwa tupu, na bei ya makaa ikabaki peke yake.

Sheria zilifuata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, kanuni za makaa za mwaka 2009, na amri ya mwezi Februari mwaka 2018 iliyosimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, ambayo Rais alitangaza kuiondoa mwaka 2023, zote ziligusa biashara hii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 nayo ilifungua mlango wa kuziandika haki za jamii juu ya ardhi yake. Lakini marufuku, yakiwa peke yake, yana kasoro moja kubwa: huupandisha mti bei kwa mnunuzi bila kumpa mwenye mti faida ya kuungoja. Asiyejua kama kesho ataruhusiwa kuuza hukata leo.

7. Mathenge kama gogo

Hapa historia inatupa kejeli yake. Katika nchi ambako jamii za Prosopis zimezoeleka, kama Argentina na jimbo la Texas, mbao zake husifiwa kwa sakafu na samani. Kiini chake ni chekundu, kigumu, na husinyaa kidogo kinapokauka, jambo linalopunguza kupasuka na kupinda. Lakini mti ukiachwa wenyewe huota mashina mengi membamba yaliyojikunja. Ili upate gogo hauna budi kupogolewa, mashina yapunguzwe hadi moja au mawili, na matawi ya chini yakatwe mapema kabla hayajawa mafundo. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1986, imekuwa ikifundisha njia hizo.

Twaona basi kwamba gugu na gogo ni mti mmoja. Kinachovitenganisha ni mkono wa mtu, na muda. Na mkono hautajishughulisha kwa miaka kumi ila mwenyewe awe na uhakika kwamba atakayevuna ni yeye au mwanawe. Uhakika huo ndio ambao ekwar ilikuwa ikiutoa. Haiwezekani kudai utunzaji wa miaka mingi kutoka kwa watu ambao haki zao hazikuandikwa kwa miaka mingi zaidi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ubora wa gogo huamuliwa na kiini, unyofu, mwinamo, nyufa, makovu na umbali, lakini thamani yake huamuliwa na jambo la saba, nalo ni nani aliyepewa nafasi ya kulitaja. Katika Turkana mti ulitajwa na mfugaji, kisha na afisa wa mradi, kisha na mnunuzi wa makaa, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Neno la mfugaji ndilo pekee ambalo halikuingia katika daftari.

Kwa maoni yetu, wajibu wa idara za lugha katika jambo hili si mdogo. Msamiati wa Kiturkana wa miti, haki zake na matumizi yake haujakusanywa katika kamusi moja iliyo wazi kwa msomaji wa Kiswahili, ilhali istilahi za boriti na mazio zimeandikwa tangu zamani. Kazi hiyo ifanywe wakati wazee waliokulia katika ekwar wangalipo. Kamusi haitazuia shoka. Lakini siku halmashauri au mahakama itakapouliza ni nani mwenye mti wa kando ya Turkwel, litahitajika neno la kujibia, nalo neno hilo tayari lipo vinywani mwa watu wa Lodwar na Kakuma.